Bimkubwa anabadilishwa nyonga, mtaani wanatutisha na usaha

Mwana Newala:
Habari wakuu. Nyonga ya bimkubwa imesagika, usiku halali kwa maumivu, daktari kasema awekewe ya bandia. Sasa watu wanatuambia hospitali zetu za huku Kusini ukiwekewa chuma lazima kitunge usaha, bora tusubiri hela ya korosho tumpeleke India. Na ana sukari. Hivi hatari ikoje kweli?

Nesi Mtwara:
Pole mkuu. Lazima siyo. Hata hospitali zenye kila kitu inawapata kama mtu 1 au 2 kwa 100, ila pale maji yanapokatika au mashine ya kuchemshia vifaa ikiwa mbovu hatari inapanda. Ubaya ni kwamba damu haipiti kwenye chuma, bakteria wakishika pale wanajijengea utando na dawa inawashindwa. Kwahiyo kazi kubwa ni kabla. Sukari ishuke kwanza hata kama oparesheni itasogezwa, meno mabovu na vidonda vya miguuni vitibiwe viishe, aoge na sabuni, na jamani msimnyoe na wembe nyumbani, ile mikwaruzo ndo mlango wenyewe, WHO walishakataza wembe toka 2016. Muulizeni daktari bila woga antibayotiki atachomwa saa ngapi, inatakiwa iwe imeshaingia kabla hajachanwa.

Kaka wa Nyangao:
India nako kidonda kinaweza kuanza kuvuja ukisharudi, na aliyekupasua yuko mbali. Ulizeni tu hiyo timu inabadilisha nyonga mara nyingi au mara moja moja.

Binti Lindi:
Baba mkwe goti lilivuja majimaji wiki ya pili, duka la dawa wakampa vidonge, pakakauka tukafurahi, baada ya miezi likavimba upya mpaka chuma kikatolewa. Inaniuma mpaka leo.

Nesi Mtwara:
Poleni sana dada. Ndo maana nasema kidonda kikivuja, kikiwa chekundu au homa ikipanda, rudi kwa aliyempasua siku hiyohiyo, msimpe antibayotiki yoyote kabla hawajavuta yale maji wakayapima. Wiki za mwanzo wanaweza kufungua wakaosha na chuma kikapona, mkichelewa mara nyingi kinatolewa chote.

Mwana Newala:
Asante sana dada. Sukari yake asubuhi inasoma 11 kabla ya kula, tuendelee na tarehe?

Nesi Mtwara:
Hapana, iko juu hiyo. Mwambieni daktari kabla ya tarehe, aombe kile kipimo cha sukari ya miezi 3, wengi wanataka isizidi asilimia 8 hivi.