Mrejesho: Mustang ya 1966 iliyokuwa inalala kwenye kona

Wadau, niliuliza kama ning'oe mfumo wote wa sispensheni ya mbele niweke wa kisasa wa koilova (springi na shokapu vikiwa kitu kimoja), maana gari lilikuwa linalala vibaya kwenye kona na pua inazama nikikanyaga breki. Wengi mlisema nianze na ile "Shelby drop". Nimeifanya, na ahsanteni.

Kwa asiyeijua: mkono wa juu wa sispensheni, unaoshikilia gurudumu la mbele, unatobolewa matundu mapya ya kufungia kwenye bodi, chini ya yale ya zamani, kwa hiyo unashuka inchi 1. Ni kazi ya injinia wa Ford, Klaus Arning, na ndivyo kampuni ya Shelby walivyofanya kwenye Mustang zao za GT350 za 1965. Gharama ni drili, kipimio cha kutobolea na kukodi kibanio cha springi, basi. Kwenye kona, tairi la nje sasa linasimama wima badala ya kulalia ubavu. Tofauti unaisikia kwenye usukani.

Tahadhari moja: springi ya mbele imekaa juu ya mkono huo, lazima uibane ndipo ufungue. Ikichomoka inaua. Kodi kibanio kizuri, msibahatishe.

Nikaongeza stabilaiza nene ya mbele (fito inayopunguza gari kulala), bushi mpya na shokapu za gesi. Pia mwambie fundi wa alaimenti (anayepanga pembe za matairi) aachane na vipimo vya kiwanda. Vilipangwa kwa matairi ya kizamani, siyo ya kisasa ya rediali.

Pua bado inazama kidogo nikifunga breki, ila navumilia. Nyuma springi za bapa zimechoka, upande wa dereva umeshuka. Hizo zinasubiri mshahara.