Tupeane uzoefu: bajeti za shughuli za vijana wa kujitolea, Mtwara na Lindi

Mwana-Shangani
Nimesikia tangazo la usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nikakumbuka vikundi vyetu vinavyoandaa shughuli kwa kichwa, bila karatasi. Siongelei makongamano ya wafadhili. Naongelea usafi wa ufukwe, bonanza, kupanda mikoko. Wadau wa Mtwara, Masasi, Lindi, Kilwa: pesa hupotelea wapi, na shughuli hukwamia wapi? Leteni vipimo, "inategemea" tumeichoka.

Korosho Daraja la Kwanza
Hukwamia kwenye ahadi. Daftari la michango liwe na safu mbili, ahadi na mkononi, na bajeti ifuate safu ya mkononi peke yake.

Bamvua
Hapo kwenye ahadi umenigusa. Kosa baya kuliko yote kwenye usafi wa pwani huwa linaanzia hapo hapo.

Kikundi kimepanga siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, saa 2 mpaka saa 5 asubuhi. Sawa kabisa, maana bamvua za huku maji hupwa sana kwenye saa 4. Vijana 60, viroba 70 vimejaa. Vikapangwa mchangani kusubiri gari, CHINI ya ule mstari wa majani makavu unaoonyesha maji yanapofika. Gari halikuja. Dizeli yake ilikuwa kwenye safu ya ahadi na mwenye ahadi hapokei simu. Watu wakala wali, wakatawanyika. Saa 10 jioni bahari imejaa, viroba vinaelea, kamba zinafunguka kimoja kimoja. Kesho yake mikoko imevaa chupa na sandarusi kuliko kabla ya usafi, na wavuvi wanatoa mifuko kwenye nyavu. Mtaa ule ukiitwa tena kwenye usafi nani atatoka?

Kwa hiyo, mafuta ya gari yanunuliwe siku moja kabla, yawe ndani ya tangi. Viroba vipandishwe juu ya mstari wa maji vikiwa vinajazwa, visisubiri mwisho. Kila kiroba kiishie robo tatu: kikijaa hakifungiki, na chenye mchanga mbichi watu wawili hawakibebi. Chupa zilizovunjika na sindano ziende kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kamwe zisiingie kwenye kiroba, zitamchoma anayebeba begani.

Dada wa Kivinje
Viroba vinaelea! Nimesoma mara mbili. Sasa Bamvua, mvua ikinyesha mkaahirisha wiki moja, si mnakwenda tu saa ile ile?

Bamvua
Hapana dada, hapo ndipo wengi wanaumia. Maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Siku saba ni kama saa 6 nzima. Jumamosi hii saa 4 yamekupwa, Jumamosi ijayo saa 4 hiyo hiyo yamejaa, tena ni maji mafu, hayatoki mbali. Ahirisheni wiki mbili, au mbadilishe saa. Muulizeni mama yeyote anayekwenda kushika pweza, atawaambia bila kutazama simu.

Mdau Nachingwea
Sisi huku hatuna bahari, shida yetu bonanza. Timu 8 za mtoano ni mechi 7. Kipindi dakika 20 mara mbili, mapumziko 5, kubadilishana uwanja 10, jumla dakika 55 kwa mechi. Mechi 7 ni saa 6 na dakika 25. Mkianza saa 2 asubuhi mnamaliza saa 8 na nusu hivi, ongezeni penalti na ubishi. Timu 16 ni mechi 15, karibu saa 14. Uwanja mmoja siku moja haiwezekani, jua linazama. Na bado watu wanapokea ada za timu 16 kwa sababu ada ni tamu.

Korosho Daraja la Kwanza
Halafu fainali inachezwa gizani na mbuzi wa zawadi anagombaniwa.

Mama Pishi
Mmeruka chakula. Pilau: mchele kilo 1 watu 6 mpaka 7, nyama kilo 1 watu 6. Kwa watu 60 weka mchele kilo 10, nyama kilo 10. Maji ya kunywa juani lita 2 kwa mtu: lita 120, yaani madumu 6 ya lita 20. Mengine 2 ya kunawa. Vitunguu, viungo na kuni viandikwe bei zake. Mkiandika "mengineyo" mpishi anatoa mfukoni. Soda za chupa zina dhamana ya kreti, chupa 24, ikipotea moja inakatwa. Awekwe mtu mmoja wa kuhesabu chupa tu.

Fundi Bajeti
Kwa heshima zote Mama Pishi, chakula ndicho kinaua vikundi. Nyama kilo 10 mnakula, glovu hamna. Watu wa kujitolea wapewe maji, ndizi na nauli, basi.

Mama Pishi
Mwanangu, kijana ametoka Naliendele hajanywa chai, umuinamishe juani kwa muda wa saa tatu halafu ndizi? Mara ya pili hatokei.

Fundi Bajeti
Basi uji na mihogo kabla ya kazi. Pilau iondoke.

Mama Pishi
Uji nakubali. Glovu zitangulie kununuliwa, hilo pia nakubali. Lakini usiniambie ndizi.

Mdau Nachingwea
Pesa mnakosa na mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani upo, vijana wana 4 yao. Chukueni.

Fundi Bajeti
Ndugu, usiwapoteze watu. Ule hauna riba lakini unarejeshwa, na ni wa mradi unaozalisha. Usafi hauzalishi hela ya marejesho. Mtadaiwa kikundi kizima.

Dada wa Kivinje
Na michango isiingie kwenye simu ya mtu binafsi. Tumieni lipa namba ya kikundi, na makato ya kutoa yaandikwe kwenye bajeti kama mstari wake.

Korosho Daraja la Kwanza
Msimu nao. Juni mpaka Agosti vijana wako mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho. Oktoba mpaka Desemba minada ya korosho inaendelea, mchango unapatikana, ila harusi zimejaa na tenti na viti vinapanda bei. Wekeni oda mapema, mkalipe nusu. Shule zikifungwa ulizeni wazee kama kuna unyago mtaani. Ngoma ikilia hampati mtu.

Mwana-Shangani
Nimeandika yote. Barua ya mtendaji wa mtaa mnapeleka siku ngapi kabla?

Bamvua
Wiki mbili, nakala polisi, na nyingine kwa afisa mazingira maana gari la taka unaliomba huko. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Bila muhuri huo, siku ya gari kutotokea huna cha kuonyesha.

Mama Pishi
Na namba ya dereva. Sio ya ofisi, ya dereva.