Fyuzi ya taa inakatika: hizi swichi za mosfeti zinafaa?

Dereva_Wete
Assalaam alaykum. Nina Hiace ya abiria, Wete–Chake. Tangu tulipofunga taa mbili za ziada mbele, wati 100 kila moja, fyuzi ya ampea 15 leo inakaa, kesho inakatika. Utingo kanitilia ya 30. Sasa haikatiki, lakini waya nyuma ya swichi unanuka na ganda limelainika. Nasikia zipo swichi za elektroniki, zinakata zenyewe na kurudi zenyewe. Niagize Unguja?

Utingo_Mstaafu
Itoe hiyo 30 leo hii, majibu utasoma baadaye.

FundiWaya_Mwanakwerekwe
Wa alaykum salaam. Wati 200 gawa kwa volti 12, karibu ampea 17. Fyuzi ya 15 ikizidiwa kidogo hivyo huweza kuvumilia hata masaa, ndiyo maana inakuchezea. Na ya 30 inausubiri waya uungue kwanza.

Hizo swichi nazifunga, nzuri. Ndani mna mosfeti, kipande cha elektroniki kinachopitisha na kukata umeme, inayojipima mkondo na joto; ikipita nyuzi 150 na kitu, inakata. Waya ukigusa bodi, inawahi kabla fyuzi haijayayuka. Tena haina kontakti, vile vyuma vinavyogusana kupitisha umeme. Rilei (swichi za sumaku) za huku kwetu, kwa hewa hii ya chumvi, ukizifungua utaona mwenyewe kontakti zilivyoliwa.

Ila taa ya balbu ikiwa baridi huvuta kama mara kumi ya mkondo wake kwa kitambo kidogo mno, na swichi isiyotengenezwa kwa balbu itakuzimia kila ukiwasha. Kubwa zaidi: mosfeti ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imeunga, umeme unapita tu na swichi haiuzimi. Kwa hiyo fyuzi inabaki palepale karibu na betri. Fundi atakayekwambia uitoe, mlipe chai umuage.

Za kurudi zenyewe mie sizitaki kwenye taa. Shoti ipo, yenyewe inajaribu tena na tena, inaupasha waya mahali pamoja. Tafuta inayokata ikatulia mpaka uizime mwenyewe.

Dereva_Wete
Ahsante bwana. Kwa hivyo taa nizitoe?

FundiWaya_Mwanakwerekwe
Si lazima. Vuta waya mpya wa milimita 4 za mraba kutoka betri, fyuzi ya 20, kisha hiyo swichi. Waya wa zamani uachie kazi ya kuiamrisha swichi tu, lakini kile kipande kilicholainika kikate kwanza.

Utingo_Mstaafu
Na huyo utingo mnyang'anye boksi la fyuzi.