UZI: Wana Moshi na Arusha, nyumba yako ilisimama kwa hela gani? Tupeane uzoefu

Mangi wa Rau (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Kuna ubishi umezuka kijiweni kwetu, karibu na Mnara wa Saa hapa Moshi. Mmoja anasema bila mkopo wa benki hujengi, mwenzake anasema ukikopa benki umejivisha kitanzi. Mimi nikawaambia wageuke waangalie jengo la KNCU, ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro. Wazee wetu walianza na chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kikayumba, 1933 ikazaliwa KNCU, na hela iliyousimamisha ushirika ilitoka kwenye magunia ya watu wenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vya ekari moja, ekari mbili. Walikuwa na mzani na daftari. Najua ushirika umepanda na kushuka, huo ni uzi mwingine.

Sasa tuelezane. Sharti ni moja: jitambulishe kwa alama ya kufikia kwako, kama tunavyoelekezana siku zote. Jina la barabara hata bodaboda halijui. Halafu sema hela ilitoka wapi na ilikwama wapi.

Naanza mimi. Ukitoka hospitali ya KCMC njoo Rau Madukani, uliza geti la bluu. Kiwanja nilikipata kwa SACCOS ya kazini. Unaweka akiba, ukiomba unapewa mpaka mara tatu ya ulichoweka, na wanachama wenzako wanakudhamini. Hati hawakuniuliza, waliuliza nani ananijua. Tatizo ni kwamba kiasi chenyewe kinatosha kiwanja na msingi na kuta, kwenye kupaua kinaishiwa pumzi. Boma langu lilikaa bila bati mpaka mpapai ukaota sebuleni. Tulichuma na kula.

Dada Pasua

Hahaha mangi, mpapai wa sebuleni! Mimi nilikuwa na maboga.

Kwangu ni Pasua, ukivuka soko uliza mama wa mitumba. Nauza nguo soko la Memorial, mshahara sijawahi kuuona, kwa hiyo benki na mimi tulikuwa tunaangaliana kwa mbali. Nimejenga kwa kikoba.

Niwaeleze maana wanaume wengi mnakidharau. Kuna sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo akina mama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mwingine wa nne. Siku ya mkutano kufuli zinafunguliwa mbele ya wote, hela inahesabiwa kwa sauti, na kila hisa unayonunua unagongewa muhuri kwenye kijitabu chako. Ambaye hajui kusoma anahesabu mihuri yake. Ukichelewa, faini. Simu ikilia, faini. Ukimjibu mwenyekiti vibaya, faini, na hiyo ndiyo inayotuingizia zaidi.

Mzunguko ukiisha tunagawana. Siku ya mgao siendi nyumbani kwanza, napitia duka la vifaa nalipia nondo au bati. Hela ikilala ndani, ndugu wanaisikia harufu. Simenti msinunue mapema lakini, itawagandia stoo mkae nayo kama mawe. Nunua ile ya kazi ya wiki hiyo.

Nilihamia kikiwa chumba kimoja na choo, dirisha nimeziba kwa turubai. Watu walicheka. Kodi niliyokuwa namlipa mwenye nyumba ikageuka tofali kila mwezi, vyumba viwili vilivyobaki vimejengwa na hiyo hiyo.

Chalii wa Muriet

Chuga tupo! Shuka Kwa Mrombo, fuata moshi wa nyama choma, ukishiba nipigie nikufuate.

Mimi ni mkopo wa mshahara. Hela iliingia yote kwa mkupuo, nikajiona tajiri, mpaka fundi alipochimba. Huku sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Masika unavimba, kiangazi unapasuka mkono mzima unazama. Ikabidi tuuondoe, tujaze moramu na kushindilia, halafu tufunge mkanda wa nondo chini kabla ya kupandisha kuta. Msingi ulikula hela niliyokuwa nimeitengea mpaka lenta, na makato ya mshahara hayasubiri udongo.

Ushauri kwa wanaokuja: ukionyeshwa kiwanja cha bei chee, usiangalie kiwanja. Omba jirani akuonyeshe kuta za nyumba yake. Nyufa zake ndiyo ripoti ya udongo, tena ya bure. Na mkitaka kuchimba kisima Arusha, pimeni floridi kwanza, meno ya watoto wa huku mnayajua.

Ah, na madalali. Tangu waanze kujenga uwanja wa AFCON 2027 kule Olmoti, kila kiwanja mkoa huu kiko "karibu na uwanja". Juzi kuna mmoja kanipigia, kiwanja karibu na uwanja. Namuuliza kiko wapi, ananijibu Usa River, wilaya nyingine kabisa.

Mhasibu wa Njiro

Kwangu panda daladala ya Njiro, mwambie konda General Tyre, halafu unatembea. Kiwanda kiliacha kutengeneza matairi miaka mingi sasa, watoto wanaokipita kila siku hawajui hata tairi lake lilikuwaje, ila kituo bado ni General Tyre. Baba yangu alifanya kazi pale. Jirani zetu wengi vilevile, na mtaa wetu ulijengwa na mishahara ya kile kiwanda. Nikimsikia konda anaita jina lile najisikia vizuri, sijui niwaelezeje.

Kwenye mikopo kuna jambo watu hawaulizi: riba inahesabiwa juu ya nini? Chukua milioni 10, asilimia 18 kwa mwaka, miaka mitatu. Riba ikipigwa juu ya mkopo wa mwanzo mpaka mwisho, utalipa riba milioni 5.4. Riba ikipigwa juu ya deni linalobaki, utalipa kama milioni 3. Asilimia ni ileile kwenye bango, tofauti ni zaidi ya milioni 2, na hiyo ni mbao na mabati. Kwa hiyo usiulize asilimia ngapi peke yake. Omba jedwali la marejesho, jumlisha mwenyewe.

Kuhusu mkopo wa nyumba wenyewe, ule wa miaka mingi. Benki ya Nyumba Tanzania ilikufa 1995, na kwa muda mrefu mtu wa kawaida hakuwa na pa kwenda, ndiyo maana tumezoea kujenga tofali kwa tofali. Siku hizi benki kadhaa zinatoa. Nyuma yao kuna kampuni inaitwa TMRC, iliyoanzishwa 2010, kazi yake ni kuzipa benki fedha za muda mrefu ili na zenyewe zisiogope kukukopesha miaka 15 au 20. Wewe huendi TMRC, unaongea na benki yako. Sharti linalowarudisha watu mlangoni ni hati. Kiwanja kisichopimwa, karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, hiyo inakulinda kwa jirani lakini kwenye mkopo wa nyumba haikusogezi. Na kama ni nyumba ya familia, mwenzi wako lazima aridhie kwa maandishi. Wapo wanaokwenda na "mke" wa kukodi kusaini. Siku mke halali akijitokeza mahakamani ndipo utajua hujui.

Mtoto wa Mjini

Mimi sijajenga, nipo kwenye nyumba ya Shirika hapa mjini Moshi na siioni aibu. Hili nalo ni sehemu ya hadithi. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mkipita mitaa ya maduka inueni macho, mengine yana mwaka wa kujengwa kwenye plasta kule juu. Familia nyingi za Kihindi zilizoyajenga ziliondoka. Sisi tunayasifia kama urithi wa mji, sawa, lakini kuna mtu alifunga duka akaacha jina lake ukutani.

Meku wa Kibosho

Marahaba wanangu. Nimesoma yote, simu nimeshikiwa na mjukuu.

Mimi naelekezwa kwa kanisa. Ukifika Kibosho uliza hata mtoto. Kihamba ninachokaa ni cha baba yangu, na kabla yake cha babu. Bikoni hakuna. Mpaka wake ni masale, mimea yetu ya mpakani, yamepandwa na mikono ya watu waliokwisha kufa. Majirani wakigombana, wazee wanakwenda kuangalia isale limesimama wapi, na neno linaisha pale. Isale hilohilo ukimpelekea mtu uliyemkosea, kwa mila yetu hawezi kukataa kukusamehe. Sasa niambieni hati gani ina nguvu hiyo.

Lakini nilikwenda benki moja mjini kuomba mkopo, niezeke nyumba upya na ning'oe mibuni iliyozeeka nipande mingine. Kijana mpole, amevaa tai, akaniuliza: mzee, mipaka ya eneo inaonyeshwa na nini? Nikamwambia masale. Akaandika. Mimi nasoma hata kichwa chini miguu juu, nilikuwa karani ushirika. Aliandika "hakuna".

Sikumlaumu. Benki inataka kitu ambacho ukishindwa itakiuza. Kihamba nani akinunue, na makaburi ya wazazi wako yako nyuma ya migomba?

Jambo la pili litawauma. Desemba hapa gari hazipishani. Nyumba za ghorofa, vigae, taa mpaka kwenye miti. Januari katikati unasikia ndege tu. Nahesabu majumba kutoka hapa mpaka sokoni, mengi yana mlinzi na mbwa peke yao. Mtoto wetu amejenga chumba cha wageni ambacho mgeni hajawahi kulala, na huko mjini anakoishi amepanga. Nakubali ni heshima, mtu kurudi nyumbani Krismasi akalale kwa shemeji si jambo zuri. Ila nyumba ya vyumba vitatu nayo inalaza watu. Hela iliyobaki jengeni mahali panapolipa kodi, mpate ya kuwasomesha hao watoto mnaowaleta kutuonyesha.

Mrombo Dar

Meku umenipiga na nyundo hadharani. Nimemaliza kuweka vigae mwezi uliopita. Mbezi nimepanga. Mke wangu amesoma huu uzi na ananiangalia.

Dada Pasua

Shikamoo Meku. Naomba niseme neno kwa heshima.

Hizo nyumba za kihambani zimejengwa na hela za nani? Nusu ni hela za wake. Shoga yangu, muuguzi, amekatwa mshahara kwa mkopo wa kuezeka nyumba iliyo kwenye ardhi ya ukoo wa mume. Mume amefariki, shemeji zake wanamwambia akae tu hakuna anayemfukuza. "Akae tu." Jina lake haliko popote, na mabinti zake wanaambiwa wao wataolewa. Masale yanajua mpaka wa jirani, Meku, hayajui nani alinunua bati.

Ndiyo maana mimi changu kiko Pasua, chumba kwa chumba, na karatasi ina jina langu.

Meku wa Kibosho

Hilo umesema kweli, mwanangu. Hapa kwetu tunalo. Dada zangu wawili walirudi, mmoja mjane. Wanakaa nyumba ya mama. Hakuna aliyeandika.

Mhasibu, hiyo hati ya kimila ninayoisikia kwenye redio ni kitu gani?

Mhasibu wa Njiro

Shikamoo Meku. Ni hatimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Haihitaji kwenda wizarani. Maombi yanaanzia kwa mtendaji wa kijiji, halmashauri ya kijiji inayapitia, majirani wanakuja shambani kuthibitisha mpaka. Masale yenu hayang'olewi, ndiyo watakayoyaonyesha. Kijiji chenyewe kiwe kimeshapata cheti cha ardhi ya kijiji, hilo uliza kwanza kabla hujamsumbua mtu.

Kisheria inaweza kuwekwa dhamana, ingawa si kila benki itaipokea, kwa hiyo usiiendee kwa ajili ya mkopo peke yake. Kubwa kwa hali yenu ni kwamba inaweza kuandikwa majina ya watu zaidi ya mmoja. Sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haina nguvu mbele yake. Jina lisipoandikwa siku hiyo, baadaye ni kesi baraza la ardhi.

Mangi wa Rau

Meku, mkiamua utuambie. Ukoo wetu nao unasukumana na jambo hilohilo tangu mzee afariki.

Meku wa Kibosho

Kikao cha ukoo kwetu ni tarehe 27 Desemba, siku watu wa Dar hawajaanza kushuka. Kesho mjukuu ananipeleka kwa mtendaji kuulizia hicho cheti na fomu. Majina ya dada zangu nitayaandika mimi kwa mkono wangu kabla ya kikao. Mwenye neno aje aliseme pale, na wao wawe wamekaa mbele.