Tupeane uzoefu: likizo ya watoto nyumbani bila kuumiza mfuko

Mama wa watatu, Mbagala (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wazazi na walezi, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu. Shule zimefungwa kwa likizo ya mwezi wa sita, na sisi ambao hatuna uwezo wa kuwapeleka watoto mbugani wala kuwasafirisha kijijini tutakuwa nao nyumbani hadi mwanzoni mwa Julai. Kwa uzoefu wangu, pesa ya likizo haimalizwi na matembezi. Huishia dukani, mia tano mia tano, kwa mtoto ambaye tangu asubuhi hana la kufanya na kila baada ya muda anakumbuka soda, biskuti au bando la simu. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kulala, tunakaa mkekani na kupanga pamoja siku inayofuata: nani atachemsha chai, nani ataosha vyombo, saa ngapi ni za kusoma na mchezo gani utachezwa jua likipungua. Barafu za ukwaju na ubuyu tunagandisha wenyewe. Nyingine wanakula, nyingine wanawauzia wenzao, na hesabu ya mauzo anaifanya yule wa darasa la nne, ambaye hesabu za daftari humtoa machozi lakini za barafu hazimpigi chenga. Naomba kila mmoja aeleze alichokifanya yeye mwenyewe kikafaa, pamoja na gharama yake, maana ushauri wa jumla tumekwisha kuusikia mwingi.

Mama wa wawili, Tanga

Ahsante dada kwa mada hii. Sisi wa pwani tuna neema isiyo na kiingilio, nayo ni bahari inapokupwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hutoka mbali sana, na huku kwetu hukauka zaidi kuanzia kama saa nne asubuhi, wakati watoto wamekwisha kunywa chai na jua halijawa kali. Kwa hiyo mimi hutazama mwezi kwanza, ndipo nipange siku. Tunavaa viatu vya plastiki, kwa sababu mawe yanakata na kuna wale viumbe wa miiba mirefu myeusi ambao mwiba wao ukivunjikia mguuni ni taabu, kisha tunatembea taratibu kutoka dimbwi hadi dimbwi.

Mwanangu mdogo alichuchumaa kwenye dimbwi moja lisilozidi ukubwa wa sinia, akamkuta kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, amepinduka chali. Aliona vijiguu vingi laini vikipapasa majini, kisha ncha ya mkono mmoja ikajikunja polepole mpaka ikashika mchanga, na mwili mzima ukaufuata hadi kiumbe yule akageuka. Mtoto ambaye nyumbani hakai mahali pamoja kwa dakika tano alitulia pale mpaka mwisho. Sharti langu ni kwamba kilicho hai kinabaki majini, na maji yakianza kujaa sote tunageuka bila ubishi, kwa kuwa yanaweza kujaza mkondo ulio nyuma yenu huku mbele bado pakavu. Gharama ni nauli ya daladala tu, kwani mihogo ya kuchemsha na maji ya kunywa tunatoka navyo nyumbani.

Baba, Morogoro

Mimi ni seremala, nashinda karakana, kwa hiyo siku za kutembea na watoto ni chache. Kwetu kilichofaa ni mchicha. Ukisia mbegu shule zinapofungwa, mchicha huwa tayari kung'olewa baada ya wiki tatu hadi nne, hivyo mtoto huvuna alichopanda kabla hajarudi darasani. Mahindi hayawezi kumpa furaha hiyo. Mahitaji ni pakiti ya mbegu, samadi iliyokwisha kuoza vizuri, na kopo lililotobolewa matundu kitakoni kwa ajili ya kumwagilia. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganyeni kwanza na mchanga mkavu, vinginevyo watoto watazimwaga zote mahali pamoja. Kila mmoja ana tuta lake. Binti yangu alilalamika kwamba tuta la kaka yake limepewa jua zaidi, nami nikamwambia athibitishe. Akachomeka vijiti na kuandika kivuli kinapofika asubuhi, adhuhuri na alasiri, na mwisho ikaonekana kwamba alikuwa na haki.

Mlezi, Ilala

Jumapili tunavuka kwa pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, nauli ya mtu mzima ni shilingi 200, na watoto hupenda kutazama meli kubwa zikipita kwenye mlango mwembamba wa bandari. Jumapili nyingine ni Makumbusho ya Taifa, ambako raia hulipa kidogo kuliko wageni, na ambako mtoto anaweza kujifunza habari za Zinjanthropus, aliyevumbuliwa Olduvai mwaka 1959.

Mama, Ohio, Marekani

Huku shule hufungwa karibu miezi miwili na nusu wakati wa kiangazi, na kambi za watoto za kulipia kwa wiki hazishikiki kwa mshahara wa kawaida. Kimbilio letu ni maktaba ya umma: kadi ni bure, kuna kiyoyozi, na kuna mpango wa kusoma wa kiangazi wenye zawadi ndogondogo. Wenzangu mliofika karibuni, hasa mliotoka Kongo na Burundi, fahamuni pia kwamba kuna mpango wa serikali kuu wa milo ya kiangazi, ambapo kwenye vituo vilivyo wazi kwa wote mtoto yeyote mwenye umri usiozidi miaka 18 hupewa chakula bila kujaza fomu. Nawajua wazazi waliokaa nyumbani na njaa kwa kuogopa kuulizwa hati. Jioni tunacheza ukuti ukuti na kombolela uani, kwa Kiswahili tu, maana shule zikifunguliwa Kiingereza hutawala tena.

Bibi, Bagamoyo

Wajukuu zangu huletwa kila likizo, nami nawafundisha kusuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka. Ukindu naununua sokoni, tunauchana na kuutia rangi pamoja, na hadithi nasimulia mikono ikiwa kazini. Mikono ikisimama, nami nanyamaza. Safari hii tunashona kawa, kile kifuniko cha chakula, na wa kiume ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko dada zake. Mwenye mtoto hapa Bagamoyo anayetaka kujifunza amlete asubuhi baada ya chai, aje na maji yake ya kunywa.