Lupita na faibroidi, mbona alikaa kimya muda wote ule?

Jamani nimesikia yule mwigizaji Lupita Nyong'o amesema kwamba mwaka 2014, uleule aliobeba Oscar, aligundulika ana faibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi, 30 kwa hesabu, akafanyiwa upasuaji na baadaye ukarudi, sisi huku tunasifia tu gauni la bluu alilovaa siku ya tuzo. Kwa nini kasema 2025?

Jibu: Dada angesemaje, wengi tangu tukiwa mabinti tunaambiwa maumivu ya hedhi ndo uanamke wenyewe, unajikaza unafunga kanga tumboni unaenda kazini.

Jibu: Na sisi wanawake weusi ndo faibroidi zinatupata zaidi. Ukiona mabonge ya damu, pedi inajaa ndani ya lisaa, nenda kapige ultrasaundi mapema. Kwa hili namheshimu kuliko filamu zake zote.