Shimo la moramu kwenye ngitili: tulifukie au liwe lambo?

Ng'wana Nzega: Wakuu, mwangaluka. Barabara ya kijiji inawekwa moramu kilomita 10, na mkandarasi kaipata moramu nzuri ndani ya ngitili, yaani eneo la malisho tunalolifunga masika ili nyasi ziliwe kiangazi. Mkutano mkuu umegawanyika: kundi moja linataka shimo libaki lambo la mifugo, jingine linataka lifukiwe nyasi zirudi. Wanaoijua kazi waje, siasa zibaki nje.

Greda Bovu: Hapo hakuna lambo. Moramu kwa sehemu kubwa ni kokoto na mchanga, maji yanavuja. Mnaotaka maji ishindilieni sakafu na kingo kwa mfinyanzi, tabaka tatu za sentimita 15, kila moja ilowe kidogo na ishindiliwe kabla hamjamwaga inayofuata. Udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi wa bondeni, peke yake hautoshi, kufika Septemba umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Wa kichuguu afadhali. Halafu kuna jua: kiangazi linanyonya kama milimita 6 kwa siku. Siku 180 ni zaidi ya mita moja, na moramu yenyewe kwa kawaida ina kina cha mita hiyo hiyo. Mtafuga vyura. Na wafugaji tunawajua, lambo likijaa tope wanasubiri serikali ije kulizoa.

Ng'ombe Hamsini: Hilo la mwisho ulirudishe ulikolitoa. Ngitili hufungwa kila masika na nani? Na hao hao wafugaji, bila afisa wala gari la serikali. Anayeingiza ng'ombe analipa faini. Ninyi wa greda mnaacha mashimo yenye kingo wima kama ukuta kila mnakopita, ndama wakitumbukia mmeshahama wilaya.

Greda Bovu: Kingo wima anaacha aliyelipwa achimbe tu. Mkataba usipoandika kulaza kingo, dizeli ya kulaza anatoa nani, wewe?

Mama Kishamba: Kaka zangu, hata swali lenyewe limekaa vibaya. Mtafukia kwa kitu gani? Moramu imeshalala barabarani. Shimo halifukiwi, linalazwa. Na kazi hiyo inaanza siku ya kwanza, kwenye udongo wa juu. Sentimita 20 za juu ndizo zenye mbegu na mizizi ya nyasi. Buldoza izikwangue kwanza, zilundikwe upande wa juu wa mteremko, lundo lisizidi mita 2, malori yasipite juu yake. Kifusi kibovu cha chini kiwe na lundo lake. Tatizo ni kwamba dereva husukuma vyote pamoja kuokoa muda, na siku ya kurudisha ule udongo mgumu unakaa juu. Misimu mitatu hapaoti kitu cha kuliwa na mbuzi.

Uchimbaji ukiisha, kingo zilazwe: kila mita 1 ya kwenda chini iwe na mita 3 za mlalo, ng'ombe ashuke na kupanda bila kuteleza. Sakafu ichanwe kwa meno ya greda sentimita 40, kukata mteremko na siyo kuufuata, maana malori yameishindilia hadi maji hayazami. Kisha kifusi, udongo wa juu mwisho, yote yaishe kabla ya mvua za Novemba. Upande wa juu uchimbwe mtaro wa kukinga maji, la sivyo mvua ya kwanza inaubeba udongo wote. Mifugo isiguse misimu miwili.

Tripu Mbili: Mama kamaliza. Mimi naongeza ukubwa tu, kuna watu wanadhani ngitili yote inaondoka. Kilomita 1 kwa upana wa mita 5 na unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 750 zilizoshindiliwa. Kwenye lori imevimba, karibu 1,000. Basi tripu 100 za tipa kwa kilomita, tripu 1,000 kwa zote. Shimo la kina cha mita 1 linakula ekari 2 na kidogo.

Greda Bovu: Tipa gani hiyo ya mita za ujazo 10? Zinazoingia vijijini ni Fuso.

Tripu Mbili: Tipa la tairi kumi, mkuu. Bodi mita 4.2 kwa 2.2 kwa 1.1, zidisha mwenyewe.

Greda Bovu: Na Fuso bodi ni 4 kwa 2.1 kwa 0.6. Mita 5! Tripu zako 1,000 zimekuwa 2,000.

Tripu Mbili: Mita 5 ikiwa imekwanguliwa sawa na ukingo wa bodi. Nani anapakia Fuso bila kilima juu?

Ng'ombe Hamsini: Tumeacha malisho tunapima Fuso. Haya, kilima hicho kikimwagika njiani kinahesabiwa?

Mama Kishamba: Kama kijiji kinalipwa kwa tripu, kinahesabiwa shimoni. Karani akae shimoni, siyo barabarani.

Ng'wana Nzega: Kinalipwa kwa tripu. Na karatasi ya mkandarasi inasema tripu 600 kwa kilomita zote 10.

Tripu Mbili: Hapo basi ni bodi ya mita 16 na zaidi, na mnalipwa bei ya tripu ile ile. Futeni neno tripu, andikeni mita za ujazo, na bodi ipimwe kwa futi kamba kabla hamjasaini.

Greda Bovu: Mita 16 za moramu ni tani 25, gari lenyewe bado. Kuna kalvati kati ya shimo na barabara?

Ng'wana Nzega: Yapo mawili. Moja limeshaanza kutitia.